Maji ya Bwawa la Nyumbani: Pima Kabla Hujamwaga Dawa

Mwezi wa pili niliitwa nyumba moja ya Njiro, Arusha, yenye bwawa la mita nane kwa nne. Mama mwenye nyumba alinipokea getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo uone mwenyewe, dawa imezidi. Watoto wameogelea jana, leo macho mekundu kama wameshinda wanakata vitunguu."

Harufu ilinipata kabla sijafika ukingoni. Kijana wa getini, ambaye ndiye anayelihudumia bwawa, alikuwa ameagizwa asiweke klorini wiki nzima ili ile iliyomo ipungue. Nikachota maji, nikapima. Klorini huru 0.5. Klorini ya jumla 1.5. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 8.2.

"Mama," nikamwambia, "dawa imekwisha. Na hiyo kidogo iliyobaki imelala."

Hakuniamini mara moja, na simlaumu. Watu wengi wanaamini kwamba bwawa linalonuka klorini lina klorini nyingi. Ukweli ni kinyume chake. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mafuta ya kujipaka inafungwa, na hiyo iliyofungwa ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Klorini huru, ile iliyo tayari kuua vijidudu, haina harufu kali. Bwawa lenye afya karibu halinuki kabisa.

Bwawa hilo nitalitumia kama mfano hadi mwisho, kwa sababu ukubwa wake unafanana na mengi ninayoyahudumia kuanzia Sakina na Usa River hadi Shanty Town ya Moshi. Lako likiwa kubwa au dogo zaidi, ongeza au punguza vipimo kwa uwiano huohuo.

Hatua ya 1: Jua lita zako

Urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la Njiro lina mita 1.2 upande wa watoto na mita 1.8 upande wa pili, na sakafu yake inashuka taratibu, kwa hiyo wastani ni 1.5. Nane mara nne mara 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kama bwawa ni la duara, chukua kipenyo mara kipenyo mara kina, kisha mara 0.785. Usikisie kina kwa macho, maana maji hudanganya. Tumbukiza mpini wa brashi hadi uguse chini, weka alama, upime kwa tepu.

Kazi hii unaifanya mara moja tu maishani, na inarahisisha kila kitu kinachofuata. Gramu moja ya klorini halisi katika mita moja ya ujazo inaongeza miligramu moja kwa lita. Hesabu nzima ya dawa imesimama juu ya sentensi hiyo. Namba ya bwawa lako iandike kwa maka peni ukutani kwenye chumba cha pampu, mahali ambapo hata kijana mgeni ataiona.

Hatua ya 2: Nunua kipimo cha kweli

Vijikaratasi vya kuchovya vinasaidia ukiwa na haraka, lakini rangi zake zinabishaniwa kila mara. Yale matone ya bei nafuu yanayogeuza maji kuwa njano yanaonyesha klorini ya jumla tu. Kwa kipimo hicho, bwawa la Njiro lingesoma 1.5 na kila mtu angelala usingizi. Tafuta seti ya vidonge vya DPD, vinavyogeuza maji kuwa waridi, kwa sababu inatenganisha klorini huru na ya jumla. Tofauti ya hizo mbili ndiyo klorini iliyofungwa. Ikizidi 0.5, una kazi ya kufanya.

Namna ya kuchota ina maana kubwa. Shika chupa mdomo ukiangalia chini, zamisha mkono hadi kiwiko, ndipo uigeuze ijae. Kaa mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye chujio. Usizibe chupa kwa kidole unapoitikisa, jasho la kidole linatosha kuharibu kipimo. Seti yenyewe ihifadhi kivulini. Matone yaliyokaa dirishani miezi sita yakiangalia jua hayana tena ushahidi.

Kuna mitego miwili ambayo imewaponza hata mafundi. Klorini ikiwa nyingi mno, kidonge cha DPD hupauka: maji yanang'aa waridi kwa nukta moja kisha yanakuwa meupe, na unasoma sifuri mahali penye 15. Tazama kidonge kinapoyeyuka, usigeuze macho. Ukiona ule mmweko wa waridi, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya chupa ya kunywa, pima tena, zidisha kwa tano. Mtego wa pili ni kwamba klorini nyingi huharibu pia kipimo cha pH, rangi inakuwa zambarau isiyokuwa kwenye kadi. Subiri klorini ishuke ndipo upime pH.

Haya ndiyo malengo ya bwawa la nyumbani:

- klorini huru: 1 hadi 3 (2 hadi 4 ukiwa na stebilaiza)
- pH: 7.2 hadi 7.6
- alkali ya jumla: 80 hadi 120
- kalsiamu: 200 hadi 400
- stebilaiza (dawa ya kuikinga klorini na jua): 30 hadi 50

Ukiondoa pH, zote ni miligramu kwa lita. Klorini na pH pima angalau mara tatu kwa wiki, na kila siku kama watoto wako likizo. Alkali mara moja kwa wiki. Mbili za mwisho mara moja kwa mwezi zinatosha.

Hatua ya 3: Shusha pH, maana hapa ndipo maji yetu yanatushinda

Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa ajili ya maji ya nchi nyingine. Yanasema: jaza bwawa, ongeza bikabonati ya soda ili alkali ipande. Fanya hivyo Arusha bila kupima na utajitafutia matatizo ya mwaka mzima.

Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, na kila mtu aliyekulia huku anawajua watu wenye meno ya kahawia. Kwa kuogelea, floraidi haina neno. Maji hayohayo, lakini, yamebeba bikabonati ya sodiamu kwa wingi. Ni ndugu wa karibu wa magadi ya Ziwa Natron, yale tunayotia kwenye kiburu na makande. Hiyo bikabonati ndiyo alkali. Kwa hiyo unapojaza bwawa kwa kisima cha kuchimba au kwa boza, mara nyingi alkali tayari iko juu kabla hujafungua kopo lolote. Maji ya chemchemi za upande wa Kilimanjaro aghalabu ni mepesi zaidi, lakini nawe wa Moshi usiamini neno langu, pima ndoo ya maji ya bomba lako.

Alkali ikiwa juu, pH haitulii chini. Hewa ya ukaa inatoka majini kidogo kidogo kama gesi inavyotoka kwenye soda iliyofunguliwa, na kadiri inavyotoka ndivyo pH inavyopanda. Ukiwa na maporomoko ya mapambo au chemchemi inayorusha maji, inapanda haraka zaidi. Bwawa jipya lililopigwa plasta ya saruji nalo lina tabia hiyohiyo kwa miezi yake ya mwanzo.

Na pH ndiyo inayoamua kama klorini yako iko macho au imelala. Klorini ndani ya maji ina sura mbili, moja inaua vijidudu kwa kasi na nyingine ni dhaifu sana. Kwenye pH 7.2, karibu theluthi mbili iko katika sura ile yenye nguvu. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8.0 imebaki kama robo. Kwenye 8.2 ya Njiro ilibaki takriban sehemu moja ya sita. Fikiria umenunua ndoo ya klorini ya kilo 10, halafu kilo nane na zaidi umezifungia stoo. Mwenye bwawa anaona maji yanaanza kufifia, anaongeza dawa, yanafifia tena, anaongeza, anachoka, analaumu muuzaji. Nimeona hili nyumba baada ya nyumba, na linaniuma kwa sababu dawa ni ghali na asidi ya kurekebisha ni rahisi.

Kushusha pH tumia asidi ya hidrokloriki ya asilimia 33 au hivi. Vaa glovu ndefu, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole, simama upande upepo unakotokea. Jaza ndoo ya plastiki lita kumi za maji ya bwawa kwanza, kisha ndiyo umimine asidi ndani yake polepole. Asidi huingia kwenye maji. Usimimine maji kwenye asidi kamwe, inachemka na kukurukia usoni. Pampu ikiwa inazunguka, tembea ukingoni upande wa kina kirefu ukimwaga taratibu karibu na uso wa maji. Kwa lita 48,000, anza na nusu lita ya asidi. Acha pampu izunguke kwa muda wa saa nne hadi sita, pima tena, ndipo uamue kama unaongeza. Mtu asiingie majini kabla ya kipimo hicho.

Kama alkali yenyewe imepita 150, kushusha pH mara moja hakutoshi, kesho kutwa itakuwa imerudi juu. Hapa inabidi uwe na subira. Shusha pH hadi karibu 7.0, usiende chini yake kwa sababu maji ya hivyo hula saruji kati ya vigae na kutu huanza kwenye pampu. Kisha elekeza matundu ya kurudisha maji juu ili uso wa bwawa uchemke kama chungu. Hewa itapandisha pH bila kuongeza alkali. Ikifika 7.6, shusha tena kwa asidi. Kila mzunguko unakula alkali kidogo. Kwa hesabu, kupunguza alkali kwa 10 katika lita 48,000 kunahitaji takriban lita 0.9 za asidi. Ukitoka 220 kwenda 120 ni lita tisa, na usijaribu kuzimaliza kwa siku moja. Mimi huchukua wiki mbili. Kumbuka pia kwamba kila unapojazia maji yaliyopungua kwa jua na upepo wa kiangazi unaleta bikabonati mpya, kwa hiyo kazi hii itakurudia kidogo kidogo mwaka mzima.

Hatua ya 4: Chagua klorini na uiweke jioni

Kwa maji ya Arusha chaguo langu la kwanza ni klorini ya unga au chembechembe ya haipokloraiti ya kalsiamu, ya asilimia 65 hadi 70. Inaacha kalsiamu ndani ya maji, na maji ya Meru kwa kawaida yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo inafanya kazi mbili. Vidonge vikubwa vya gramu 200 ni vizuri kwa safari, unaviweka kwenye kielea na kuondoka, lakini vina deni lake ambalo nitalieleza katika hatua ya jua. Dawa ya kufulia nguo nyeupe nayo ni klorini, ila ni dhaifu. Ungehitaji chupa nyingi kwa kazi ya gramu mia na hamsini za unga, na zile zenye manukato zinaleta povu.

Hesabu ni hii. Unataka kupandisha klorini kutoka 1 hadi 3, yaani kwa 2. Mita 48 mara 2 ni gramu 96 za klorini halisi. Dawa yako ni asilimia 65, basi 96 gawanya kwa 0.65, unapata kama gramu 150. Pima kwa mzani mdogo wa jikoni uliotengwa kwa kazi hiyo peke yake. "Vikombe viwili" si kipimo, kikombe cha nani?

Jaza ndoo maji kwanza, tia unga, koroga kwa kijiti cha plastiki, acha dakika kumi mashapo meupe yatuame. Mwaga maji ya juu kuzunguka bwawa pampu ikiwa inafanya kazi, mashapo uyaache kwenye ndoo. Unga mkavu ukitupwa moja kwa moja hulala sakafuni na kuchubua rangi ya vigae au ya plastiki.

Fanya hivi jua likizama. Klorini isiyo na kinga ikipigwa na jua kali la saa sita inapoteza nusu yake ndani ya saa moja tu au chini ya hapo. Ukiweka asubuhi saa mbili, hadi chakula cha mchana umelilisha jua.

Jambo moja la ununuzi. Niliwahi kuuziwa klorini iliyofungashwa upya kwenye mifuko ya nailoni isiyo na jina wala tarehe. Nilipoteza siku kumi kwenye bwawa la Moshi nikidhani tatizo ni maji, kumbe unga ulikuwa umekwishapoteza nguvu zamani. Nunua chombo kilichofungwa na kiwanda, chenye asilimia na tarehe. Ukifika nyumbani, weka dozi uliyohesabu na upime baada ya saa moja, usiku. Kama ulitegemea 3 ukapata 1.5, dawa ni nusu.

Hatua ya 5: Kinga klorini na jua

Sisi tuko karibu na ikweta, na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Jua hapa linakata. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, kwa hiyo kule klorini inaliwa na jua pamoja na mwani unaokua haraka. Stebilaiza, yaani asidi ya sayanuriki, inaishika klorini na kuikinga, kama mwavuli.

Bwawa la wazi lisilo nayo kabisa linahitaji 30. Kwa lita 48,000 ni gramu 1,440. Haiyeyuki upesi. Itie ndani ya soksi safi, ifunge, uininginize mbele ya tundu la kurudisha maji, na uifinye kwa mkono wenye glovu mara mojamoja. Itachukua siku kadhaa. Ukiwa na stebilaiza, shikilia klorini huru kati ya 2 na 4, maana mwavuli huo unapunguza pia kasi ya klorini.

Sasa lile deni la vidonge. Vidonge vingi vikubwa vina stebilaiza ndani yake, zaidi ya nusu ya uzito. Kidonge cha gramu 200 kinaongeza takriban 2.3 katika bwawa letu la mfano. Vidonge viwili kwa wiki ni 4.6, na baada ya miezi sita umepita 100. Stebilaiza haiozi kwa jua na haichujwi na mchanga. Hapo klorini inasoma 3 lakini mwani unaota kana kwamba hakuna kitu, na njia ya nyumbani iliyobaki ni kumwaga nusu ya bwawa na kujaza upya. Kwa mji ambao maji ya bomba yana zamu na boza lina bei yake, hilo ni kosa la gharama kubwa. Vidonge weka unaposafiri, siku nyingine tumia unga.

Hatua ya 6: Zungusha na uchuje

Dawa haitembei yenyewe. Angalia kwenye kibati cha pampu inasukuma mita za ujazo ngapi kwa saa. Ikiwa ni 10, bwawa la mita 48 linazunguka mara moja kwa saa tano. Mimi huiwasha kwa muda wa saa nane mchana msimu wa joto, na kwa saa tano au sita mwezi wa sita hadi wa nane. Umeme ukikatika mchana kutwa, fidia usiku, na siku hiyo pima klorini kabla ya mtu kuingia.

Geji ya chujio la mchanga ikipanda nusu bar juu ya ilipokuwa safi, piga bakiwoshi, yaani safisha mchanga kwa kuyapitisha maji kinyume. Zima pampu kwanza, ndipo uzungushe mkono wa valvu. Ukizungusha pampu ikiwaka unararua raba ya ndani. Dakika mbili au tatu hadi kioo kionyeshe maji meupe, kisha nusu dakika ya kusuuza, kisha rudisha kwenye kuchuja. Kikapu cha skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, toa majani kila siku. Piga brashi kuta na pembe za ngazi mara moja kwa wiki hata kama unaona ziko safi.

Hatua ya 7: Piga shoki (dozi kubwa ya klorini kwa mara moja) inapohitajika

Turudi Njiro. Klorini iliyofungwa ilikuwa 1.5 kutoa 0.5, yaani 1.0. Ili kuivunja unapandisha klorini huru hadi mara kumi ya hiyo, kwetu 10. Ukiweka nusu nusu haivunjiki, harufu inazidi. Kwanza tulishusha pH hadi 7.3, na tulisubiri hadi kesho yake, kwa sababu asidi na klorini hazifuatani mkono kwa mkono. Jioni ya pili tukapima gramu 740 za unga: 480 gawanya kwa 0.65. Tukamwaga kwa ndoo tatu. Turubai la kufunika tuliliacha wazi ili gesi itoke, pampu ikakesha.

Asubuhi saa moja mama alikuja ukingoni akiwa na kanga mabegani. Akavuta pumzi, akainama karibu kabisa na maji, akavuta tena.

"Mbona hainuki?"

Klorini huru ilisoma 7. Watoto walisubiri hadi jioni ya pili baada ya shoki, iliposhuka chini ya 4. Kijana wa getini ndiye aliyepima, na akaandika kwenye daftari kwa mkono wake.

Hatua ya 8: Fuata msimu

Masika, Machi hadi Mei, mvua inazimua kila kitu na kuleta udongo mwekundu. Pima baada ya kila mvua kubwa, na maji yakijaa hadi kwenye vigae vya juu skima haivuti, yapunguze. Mvua za kwanza za vuli huleta kumbikumbi. Zima taa za bwawa jioni hiyo, la sivyo asubuhi utakuta mabawa yamefunika maji yote na klorini imekula mafuta yao hadi ikaisha. Jakaranda zikichanua Arusha, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, maua ya zambarau ni mazuri njiani, lakini ndani ya maji yanaoza upesi. Wavu asubuhi na jioni. Kiangazi ni vumbi, na geji ya chujio ndiyo itakayokuambia.

Msimu wa baridi watu huacha kuogelea, na wengine huzima kila kitu. Usizime. Bwawa lisilo na dawa ni nyumba ya viluwiluwi vya mbu ndani ya siku chache, na mbu hao hawabaki kwako, wanavuka ukuta kwenda kwa jirani. Kwa bwawa lisiloogelewa, klorini 1 na pampu saa nne kwa siku zinatosha.

Bwawa likigeuka kijani

Usimwage maji. Toa majani, rekebisha pH, piga brashi kila mahali hadi maji yawe kama supu ya mchicha, kisha piga shoki jioni na uache pampu izunguke saa 24. Bakiwoshi mara mbili au tatu kwa siku. Kijani kitageuka kijivu, halafu maziwa, halafu yataanza kung'aa. Shika klorini juu hadi usiku mzima upite bila kupungua zaidi ya 1.

Kama maji ya kisima yamekuwa ya kahawia saa ileile ulipoweka klorini, huo si mwani, ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake. Zungusha na chuja, usiongeze shoki.

Kabla ya kumruhusu mtoto yeyote kuingia, tupa sarafu ya shilingi 200 upande wa kina kirefu. Kama huwezi kusema imelala upande gani, simba au uso, bwawa libaki limefungwa. Mtu akizama kwenye maji yenye ukungu hamtamwona, na hilo linatokea kimyakimya watu wazima wakiwa wamekaa hapohapo.

Mtoto akijisaidia majini

Toa watu wote. Kikiwa kigumu, kitoe kwa wavu, hakikisha klorini ni 2 na pH haizidi 7.5, subiri nusu saa, na wavu nao uuache humo ukiogeshwa. Kikiwa cha kuhara ni habari nyingine. Klorini ya 1 inaua bakteria wengi wa tumbo chini ya dakika moja, lakini kriptosporidiamu, kijidudu kinacholeta kuhara, inaweza kuishi humo zaidi ya siku kumi. Kwa bwawa lisilo na stebilaiza inabidi ufikishe klorini 20 na uishikilie saa 13. Lenye stebilaiza linahitaji muda mrefu zaidi, na mara nyingi ni nafuu kumwaga sehemu kwanza. Mtoto anayeharisha asiingie majini hadi apite wiki mbili tangu apone.

Stoo ya dawa

Haya nayasema kwa kusihi. Klorini ya unga ya kalsiamu na vidonge vyenye stebilaiza visigusane, hata kwa kutumia kijiko kimoja. Nilimkuta kijana mmoja akichota unga kwa kopo lililokuwa na vumbi la vidonge, tayari lilikuwa limeanza kutoa moshi mkononi mwake. Tulilitupa nje kwenye changarawe na kukimbia upande upepo unakotokea. Vikichanganyika kwa wingi vinawaka au kulipuka. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi inayochoma mapafu, na katika chumba kidogo cha pampu pumzi chache zinatosha kuua. Kwa hiyo asidi ikae chumba kingine kabisa, chini, isiwe juu ya rafu. Klorini mahali pakavu penye hewa, mbali na jenereta na dumu la dizeli, mlango una kufuli, funguo haiko kwenye msumari ambao mtoto anaufikia.

Maji unayoyatoa

Maji ya bakiwoshi yana klorini na chumvi. Kwa wale wa Moshi ambao mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unapita nyuma ya ukuta, usielekeze bomba huko: chini yako kuna mtu anamwagilia migomba na kahawa, na mwingine anachota ya ng'ombe. Chimba shimo la kunyonya lenye mawe. Ukilazimika kupunguza bwawa zima, acha kuweka klorini siku kadhaa, pima hadi isome sifuri, ndipo umwage kwenye majani yako mwenyewe, kidogo kidogo, kwa siku mbili au tatu.